Siku Tano Milimani Usambara, Nyuma ya Kiongozi



Wapendwa waamini, tangu turudi kutoka Usambara tumeulizwa swali moja na watu wengi, wengine kwa upole na wengine kwa kicheko cha pembeni: hivi paroko, ambaye kila juma hupanda pikipiki kwenda vigangoni na kurudi na vumbi mpaka kwenye kope, alitafuta nini tena juu ya pikipiki katika siku tano za likizo yake? Wapo waliodhani ni hija. Wapo waliosema, tena kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba mzee yule hakupaswa kupelekwa. Swali ni la haki, nasi tumeona tulijibu hapa, mahali pa tafakari ya juma hili, kwa kirefu kidogo kuliko desturi yetu.

Tulikuwa wanne kutoka parokiani: sisi paroko wenu, katekista, kijana mmoja wa VIWAWA, na mzee mmoja mwenyekiti wa jumuiya, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa mnamjua. Kule Mombo tulipokewa na kiongozi wa safari, Msambaa wa huko huko Lushoto, mtu wa miaka thelathini na kitu, Mwislamu mwenye kuswali kwa wakati. Alianza kuendesha bodaboda akiwa kijana mdogo, na sasa kazi yake ni kuongoza wageni milimani. Alikuja na msaidizi ambaye wajibu wake ulikuwa kufunga mkia. Basi tukawa watu sita na pikipiki tano, zile zile ndogo za kila siku tunazoziona vijiweni. Mtu asidhani tulipanda mitambo mikubwa ile ya kwenye sinema.

Kabla ya kuwasha, kiongozi alitukalisha kivulini akatupa masharti. Asiyempita kiongozi hatapotea. Kila penye njia panda, anayetangulia amngoje anayemfuata mpaka aione taa yake, ndipo aendelee. Kwa jinsi hiyo msafara haukatiki hata ukungu ukishuka. Kila kona isiyoonekana upande wa pili, honi. Wala mtu asiteremke mlima akiwa ameondoa gia, kwa kisingizio cha kuokoa mafuta. Katekista wetu, mwenye miaka kumi na mitano juu ya pikipiki, alisikiliza haya akiwa amekunja mikono. Kufika jioni alikuwa ameikunjua.

Mzee alipanda nyuma ya kiongozi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi juu ya pikipiki. Wengi wenu mlikuwapo mwaka jana, mwezi wa Oktoba, tulipomzika mwanawe aliyegongwa na lori usiku kwenye barabara kuu, akirejea baada ya kumshusha abiria. Alikuwa kijana wa tatu wa bodaboda tuliyemzika katika muda wa miaka miwili. Pikipiki yake ilirudishwa kutoka kituoni ikiwa imepinda usukani na kuvunjika taa, ikawekwa katika banda la kuku na kufunikwa turubai. Baba mtu alipopata habari kwamba tunapanga safari hii alikuja ofisini, akaketi, akakataa chai, akasema, "Padre, na mimi nakwenda." Sababu hakuitoa, nasi hatukumdai.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 hivi za lami, lakini ndani ya kilometa hizo chache mtu hupanda takriban mita 1,000. Chini unaacha mkonge, mibuyu na jua linalochoma mgongo. Unapita Soni penye maporomoko yake kando ya barabara. Na ukifika Lushoto unakuta misindano, mapeasi, na watu waliovaa makoti mchana kweupe. Wajerumani waliupenda mno ubaridi huo, wakauita mji Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Sisi watu wa joto tulikuwa tumebeba masweta ya mitumba tukiyacheka njiani. Mwezi wa Julai huko si wa kuchekwa. Usiku ule wa kwanza tulilala tumeyavaa, na soksi juu yake.

Njia nzima tulipishana na mizigo. Karoti, kabichi, pilipili hoho, viazi, nyanya katika matenga: mboga zinazoliwa Dar es Salaam hutoka kwa wingi katika milima hii, na safari yake ya kwanza, kutoka shambani mpaka barabarani, siku hizi hufanywa kwa pikipiki. Zamani ilikuwa shingo ya mwanamke. Tuliona mama mjamzito akiteremshwa kwenda hospitali ya wilaya, ameketishwa katikati ya dereva na dada yake, na dereva akienda polepole kama aliyebeba mayai. Ni vyema tuliseme hili wazi, kwa sababu katika vikao vyetu vya halmashauri walei bodaboda hutajwa tu pale panapokuwa na msiba au kelele wakati wa Misa. Kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni ziliwakuta vijana wakiwa tayari wanaifanya kazi hiyo, na wananchi wakiwa tayari wanaitegemea.

Jioni hiyo tulifika kwenye mwamba wa Irente. Mlima unakatika hapo ghafla, na chini kabisa unaiona Mazinde, barabara kuu na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kama mistari ya daftari. Wageni wengine walipiga picha. Mzee aliitazama barabara kuu kwa muda, kisha akarudi kuketi kwenye pikipiki kabla yetu.

Siku ya pili ndiyo iliyotufundisha kazi. Baada ya Magamba lami iliisha, tukaingia udongo mwekundu uliolowa ukungu. Hapo kiongozi alisimama akatuonyesha mambo ambayo sisi wa tambarare hatuna haja nayo. Gia hupunguzwa kabla ya kona, kamwe si ndani yake, maana klachi ikishikwa katikati ya kona pikipiki huwa kama punda aliyefunguliwa kamba. Mteremkoni, injini yenyewe ndiyo breki ya kwanza: weka gia ya pili au ya kwanza, uiache injini ilie, na breki uziguse kwa vipindi ili zisipate moto zikaacha kushika. Penye kokoto, breki ya mbele huguswa kwa kidole kimoja tu. Na la mwisho, ambalo alilirudia kila siku: macho yatazame pale unapotaka kufika, kwa sababu ukilitazama korongo, mikono yako italifuata korongo bila kukuuliza. Tunajua mnangoja tuligeuze hili kuwa mahubiri. Hatutaligeuza. Ni ushauri wa kuendesha pikipiki, na kwa kazi hiyo unatosha.

Msitu wa Magamba una mbega weusi kwa weupe, ambao tuliwasikia zaidi ya kuwaona. Milima hii ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa, na kwa kuwa misitu yake imekaa peke yake mamilioni ya miaka, ina mimea na viumbe visivyopatikana penginepo duniani. Lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hulipanda katika vyungu madirishani mwao, lilichukuliwa pande hizi za Usambara na Tanga. Afisa Mjerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alilituma kwa baba yake huko Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu Wendland akalipa jina la kisayansi la Saintpaulia. Kijana wetu wa VIWAWA alitaka kulitafuta. Kiongozi akamwambia kwamba ua hilo hupenda miamba yenye kivuli na maji, na kwamba mwenye kulitafuta huku akiendesha ataliona akiwa amelilalia.

Tulipita Lukozi, sokoni, tukala viazi vya kuchemsha na chai ya tangawizi. Hapo tulisikia lugha ambayo kiongozi wetu mwenyewe hakuielewa. Walikuwa Wambugu, watu wachache wanaoishi katikati ya Wasambaa, na lugha yao ya ndani imewashangaza wanazuoni kwa miaka mingi: maneno yake mengi ni ya Kikushi, lakini yamevikwa sarufi ya Kibantu. Mzee wetu aliwasalimu kwa Kiswahili, wakamwitikia kwa Kiswahili, mambo yakaenda.

Usiku tulilala Rangwi kwa masista. Supu yao ya maboga tunaikumbuka mpaka leo. Mezani mazungumzo yaliangukia habari za usafiri wa wamisionari. Watrapisti waliojenga misheni ya Gare, mwishoni mwa karne ya 19, walifika milimani bila barabara yoyote ya gari. Katekista akauliza ni lini basi mapadre walianza kupewa pikipiki, nasi tukamsimulia habari ya Padri Paul Schulte, Mwoblati wa Ujerumani. Rafiki yake, Padri Otto Fuhrmann, alikufa mwaka 1925 katika nchi ambayo leo ni Namibia, kwa kukosa chombo cha kumfikisha upesi penye tiba. Mwaka 1927 Schulte akaanzisha shirika la MIVA kwa lengo moja, kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri: magari, pikipiki, mashua, hata ndege, na yeye mwenyewe akawa rubani. Pikipiki nyingi zilizozoeleka katika parokia zetu zinatokana na moyo huo. Mzee, ambaye alikuwa kimya tangu supu, akauliza, "Kwa hiyo yule alikufa kwa kukosa chombo?" Tukajibu ndiyo. Akatikisa kichwa, akaomba ruhusa akalale. Hatukujua la kuongeza, na katekista akajishughulisha na kukusanya vijiko.

Siku ya tatu ilikuwa ndefu na nzuri kupita zote. Ukungu uliondoka mapema, mashamba yakaonekana yalivyopandana juu ya mabega ya vilima mpaka kileleni, kila kipande na mipaka yake ya majani ya kuzuia udongo. Mtae imekaa ukingoni mwa Usambara, juu ya mgongo mwembamba wa mlima. Ukisimama barabarani una bonde kulia na bonde kushoto. Mbele, chini sana, ni mbuga za Mkomazi, na ng'ambo yake milima ya Upare. Husemwa kwamba siku ya anga safi Kilimanjaro huonekana. Kwetu sisi ulikuwa mawingu matupu, na kijana aliyekuwa ametangaza nyumbani kwamba atauona akalazimika kupiga picha ya mawingu.

Kiongozi alipomaliza kuswali magharibi alitukuta tumeketi ukingoni. Mzee akamwuliza, "Wewe, mwanangu, ulianza lini kazi hii?"

"Nikiwa na miaka kumi na saba, mzee. Nilikuwa napeleka kabichi barabarani. Mama hakutaka."

"Na baba?"

"Baba alisema nikianguka nisimwite."

Mzee akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeyajua maneno hayo. Kisha akauliza lile lililomleta, nasi tukaelewa kwamba amelibeba tangu Mombo. "Kijana akiwa juu ya kitu hiki, akili yake inawaza nini?"

Kiongozi hakuharakisha. Alizungusha kofia yake ngumu mikononi, akasema, "Anawaza kona inayokuja, mzee. Hana nafasi ya kuwaza kingine. Hata kama nyumbani kuna maneno, ukishawasha yanabaki nyumbani. Ndiyo maana sisi vijana tunakipenda."

Mzee akakaa kimya mpaka taa zikaanza kuwaka kule bondeni, moja moja. Ndipo akasema, akiitazama mbuga, si sisi, "Basi usiku ule hakuwa akiwaza ule mkopo."

Kwa idhini yake tunawaeleza. Pikipiki ile ilinunuliwa kwa mkopo wa SACCOS, baba akiwa mdhamini. Marejesho yalichelewa miezi miwili. Asubuhi ya siku ile baba na mwana walitupiana maneno makali uani, mbele ya watu, na kijana akatoka bila kunywa chai. Wakati wote tangu mazishi mzee ameamini kwamba mwanawe alikwenda chini ya lori akiwa na kichwa kilichojaa maneno ya baba yake. Sisi tulikuwa tumemtembelea mara nyingi kwa miezi tisa, tukasali naye, tukamsomea Maandiko, na hilo hakutuambia. Alimwambia mwendesha bodaboda wa Kiislamu ambaye alikuwa amemfahamu siku tatu, ukingoni mwa mlima, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa na jibu.

Je, jibu lenyewe ni la kweli? Tumejiuliza. Hakuna ajuaye kilichokuwa moyoni mwa kijana yule. Lakini kiongozi hakusema kwa kutaka kumfariji mtu, maana hakujua habari za mkopo wala za asubuhi ile. Alisema anachokijua juu ya kazi yake. Nasi, baada ya siku tatu katika kona za Usambara, tunaweza kushuhudia kwamba ndivyo ilivyo. Kuna saa nzima nzima ambazo hatukukumbuka deni la paa la kanisa, na ninyi mnajua tunavyolikumbuka.

Siku ya nne tulirudi kwa njia ya Mlalo. Kiongozi alitusimulia habari ya matuta. Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza ilianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, baadaye ukaenezwa kwingine Usambara. Watu walilazimishwa kulima matuta mashambani, asiyelima akapelekwa barazani. Kazi ilikuwa ngumu, tena ikawaangukia zaidi wanawake, na mavuno hayakuonekana kuongezeka. Chuki iliyotokana na hayo ilikipa chama cha TANU wafuasi wengi, na kabla ya Uhuru mpango ulikuwa umeachwa. Ajabu ni kwamba leo, vilima hivyo hivyo vimejaa matuta na mistari ya majani iliyowekwa na wakulima wenyewe, baada ya mradi mwingine ulioanza mwaka 1981 kuja na majani ya ng'ombe na miche ya miti badala ya amri peke yake. Haya tumeyaandika kwa ajili ya wajumbe wa kamati ya ujenzi, wenyewe wanajua kwa nini.

Tulipumzika karibu na uwanja wa mpira. Mzee akamwendea kiongozi, akamwambia jambo kwa sauti ya chini. Kiongozi akatutazama sisi, kana kwamba anaomba ruhusa ya kanisa. Tukamwambia ruhusa anayo mwenyewe mzee.

Saa ile ya mafunzo ingefaa kuonekana na wote. Mtu wa miaka sitini na minne, suruali imechomekwa kwenye soksi, kofia ngumu imemkalia upande. Kiongozi akimwambia, "Achia klachi polepole, mzee, kama unavyomwachia mtoto anayejifunza kutembea." Pikipiki iliruka, ikazima. Ikaruka, ikazima. Watoto wa Mlalo walikusanyika wakahesabu kwa sauti: tatu, nne, tano! Mara ya sita ikaondoka, ikazunguka uwanja kwa gia ya kwanza, msaidizi akikimbia kando yake mkono nyuma ya kiti. Alizunguka mara tatu. Aliposhuka alikuwa analowa jasho katika baridi ile, na mikono inatetemeka. Kitu pekee alichosema ni kwamba ni nzito kuliko inavyoonekana.

Wale wanaosema hakupaswa kwenda tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Hatari ilikuwapo, na tuliipunguza kwa kila njia: kofia ngumu kwa kila mmoja, mwendo wa taratibu, hakuna safari baada ya jua kuzama, na kiongozi anayeijua kila kona kwa jina. Vijana wetu wa kijiweni wangependa kujua kwamba huko, bodaboda anayeheshimiwa ni yule ambaye abiria wake hulala usingizi mgongoni kwake. Mwendo wa kasi humpunguzia mtu wateja. Tungependa kumwalika kiongozi huyo aje kuzungumza nao, Mungu akitujalia nauli.

Siku ya tano tuliteremka. Kona za kutoka Soni kwenda Mombo tulizishuka kwa gia ya pili, injini zikilia, joto likitupanda usoni kama mtu aliyefunua chungu. Masweta tuliyavua moja moja. Mombo tulikula nyama choma, tukaagana na kiongozi, na mzee akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida.

Mnauliza pia juu ya pikipiki iliyo katika banda la kuku. Wengine mmeshapendekeza ipewe parokia kwa kazi ya katekista, na katekista amewaomba muache kusema hivyo. Sisi hatujamwuliza mzee. Tunachojua ni kwamba juma lililopita fundi alifika kwake na usukani mpya na taa, kwamba turubai sasa limeanikwa juu ya ua, na kwamba juzi, wakati wa Rozari ya jumuiya, majirani walisikia injini ikiwashwa, ikazima, ikawashwa tena.